Barua ya wazi: Istilahi za tiba zifundishwe, zisiachwe zimezwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, uongozi wa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi) na ndugu zetu wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa).

YAH: UFUNDISHAJI WA ISTILAHI ZA TIBA KATIKA VYUO VYA AFYA VYA KADA YA KATI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama mkufunzi. Kitaaluma mimi ni tabibu. Nilifanya kazi zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kabla ya kushika chaki. Wanafunzi ninaowafundisha ndio mtakaowakuta kesho wakiwapokea mama zenu kituo cha afya. Jambo langu ni moja: hatuwafundishi vijana hawa lugha ya kazi yao. Tunawapima kwa lugha hiyo, tunawafelisha kwa lugha hiyo, ila kuifundisha hatuifundishi.

Muongozo wa udahili unamtaka mwombaji wa utabibu awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne. Kiingereza na Hisabati zimeandikwa kuwa sifa ya ziada. Hilo silipingi hata kidogo. Kijana mwenye moyo wa kuhudumia wagonjwa asinyimwe nafasi kwa sababu ya insha ya Kiingereza. Tatizo linaanza akishaingia darasani. Siku za mwanzo tu anakutana na anatomia na fiziolojia, somo ambalo kila ukurasa wake umejaa maneno ya Kigiriki na Kilatini yaliyovishwa tahajia ya Kiingereza. Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, minne ya sekondari kwa Kiingereza cha kubahatisha, sasa anaambiwa atofautishe "ileum" na "ilium". La kwanza ni kipande cha utumbo mwembamba, la pili ni mfupa wa nyonga. Zinapishana herufi moja, na kwa midomo yetu yote mawili yanatoka vilevile.

Basi wanameza. Ukipita bwenini saa tano usiku utawasikia wakisomeana PDF kwenye simu, mmoja anataja neno, mwenzake anajibu maana, kama madrasa. Wanafaulu mtihani wa semista, wengine kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na wiki mbili baadaye maneno yameshayeyuka. Anayeshindwa kumeza anadisko, yaani anaondolewa chuoni, tunasema hana uwezo. Nimeona vijana wenye mikono mizuri kabisa ya kazi, wanaojua kumtuliza mtoto anayechomwa sindano, wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya tahajia.

Panaponiuma ni hapa: istilahi za tiba hazikuundwa ili zimezwe. Zina kanuni. Chukueni maneno matatu yanayowaangusha wanafunzi kila mwaka: "gastrotomy", "gastrostomy" na "gastrectomy". Mzizi ni uleule, tumbo kwa maana ya mfuko wa chakula. Kiishio cha neno la kwanza ni kupasua tu. Cha pili ni kupasua na kuacha tundu lililo wazi, kwa mfano la kupitishia mrija wa chakula. Cha tatu ni kukata na kuondoa. Mwanafunzi akishika viishio hivyo vitatu, akajua na mizizi ya koo la hewa, utumbo mpana na figo, hana haja tena ya kumeza "tracheostomy", "colostomy" na "nephrectomy". Anazifungua mwenyewe. Na sisi Waswahili kwa jambo hili tuna bahati ambayo hatuitumii: tumekua tukibandika na kubandua viambishi tangu hatujaota meno. Piga, pigia, pigana, pigisha. Mwonyeshe hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza uone anavyoinua uso.

Dawa nazo ni hivyohivyo. Tangu miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani limekuwa likipanga majina ya kimataifa ya dawa kwa koo. Zinazoishia na "-olol" ni ndugu, atenolol na propranolol. Nyingi zinazoishia na "-prazole" ni za kupunguza asidi ya tumbo. Zinazoishia na "-cillin" ni ukoo wa penisilini. Mwanafunzi anayejua hivyo atamuuliza mgonjwa kama penisilini iliwahi kumdhuru kabla hajampa amoksilini. Asiyejua ataona majina mawili tofauti, atatoa dawa.

Halafu kuna vurugu ya Waingereza na Wamarekani ambayo hakuna anayewatahadharisha vijana. Wanajifunza kwa video za Marekani kwa sababu ndizo zinazopatikana bure, kisha wanakuja wodini kwenye utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza. Anatafuta umio kwenye faharasa ya kitabu chini ya herufi E, halioni, anadhani kitabu hakina. Lipo chini ya O, maana Mmarekani anaandika "esophagus" na Mwingereza "oesophagus". Anasoma "epinephrine" na "acetaminophen" hajui kwamba ni adrenalini na paracetamol ileile iliyo kwenye kabati lake. Mambo haya yanahitaji nusu saa kueleza. Nusu saa hiyo haimo kwenye ratiba.

Lakini hayo yote ni upande mmoja, na kwa maoni yangu ndio upande mwepesi. Upande mzito ni ule wa mgonjwa.

Nilikuwa nasimamia wanafunzi wodi ya wanawake, hospitali nisiyoitaja. Bibi wa makamo, mtu wa pwani, kalazwa tangu jana yake. Mwanafunzi wangu kamwamkia vizuri, kavuta kiti, kaanza kuchukua historia. "Bibi, unasumbuliwa na nini?" "Mjukuu wangu, chembe ya moyo. Usiku hainipi usingizi." Kijana akaandika kwenye faili kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana maumivu ya moyo, akaongeza kwamba apelekwe kipimo cha moyo. Nikamwambia bibi aweke kidole panapouma. Akakiweka chini ya kidari, juu ya kitovu, palepale wanapopaita "epigastrium" vitabuni. Inauma zaidi ukiwa na njaa au ukishashiba? Njaa. Umekuwa ukimeza dawa gani za maumivu? Akataja za magoti, za muda mrefu.

Tusielewane vibaya: kwa mtu wa umri ule moyo nao upimwe, maana maradhi ya moyo yanaweza kujificha mahali hapo. Kilichonisumbua ni kingine. Neno la kitabuni kijana alilijua. Siku chache nyuma alikuwa amelijibu kwenye mtihani na kuchora tumbo lote na kanda zake tisa. Alichokuwa hajui ni kwamba neno lile na chembe ya moyo anayoisikia kwao tangu utoto ni mahali pamoja. Hakuna mtu aliyewahi kumkutanishia maneno hayo mawili darasani.

Mgonjwa hatakuja na lugha ya kitabu, na si kazi yake kuja nayo. Atasema kifua kinambana, tumbo linamnyonga, mwili unawaka moto ila kwa nje amepoa. Atasema mkono unauma na atamaanisha popote kuanzia bega hadi kucha. Atasema ana presha ya kushuka. Mama atasema mtoto ana degedege, na wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Mwanafunzi akiandika tu "convulsions" na kusonga mbele, ameandika sahihi na bado hajui kwa nini mama anamkumbatia mtoto na kurudi nyuma. Mwingine atasema ana chango, na hapo inabidi uulize maswali manne kabla hujajua anazungumzia nini. Haya yote ni maarifa ya tiba. Yana haki ya kufundishwa na kutahiniwa kama yanavyotahiniwa majina ya mishipa ya fahamu.

Na kurudi kwa mgonjwa ni kugumu vilevile kama kutoka kwake. Tazameni dirisha la dawa. Dawa mseto ya malaria, ALu, dozi ya pili inatakiwa imezwe baada ya saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mgonjwa kapewa ya kwanza zahanati saa nne asubuhi. Mtoa dawa mwenye haraka anamwambia, "Ya pili saa nane." Huyu anaenda nyumbani, saa nane mchana ikifika anameza. Zimepita saa nne tu. Alitakiwa ameze saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa hana kosa, alifuata alichoambiwa. Saa yetu ya Kiswahili inaweka mtego pale ambapo kitabu cha Kiingereza hakina mtego wowote, kwa hiyo hakuna kitabu kitakachomwonya mwanafunzi. Sisi ndio wa kumwonya: taja saa ya kumeza, usitaje idadi ya saa. Na bahasha inayoandikwa "1x3", yaani kimoja mara tatu kwa siku, bila neno lingine ni fumbo kwa mzee ambaye hajawahi kuelezwa. Wako wanaomeza vitatu kwa mkupuo.

Majina ya magonjwa nayo yametuzidi. Mgonjwa mmoja mwenye "gastritis" anaweza kuambiwa na tabibu kwamba ana michubuko ya tumbo, na muuguzi kwamba ana vidonda vya tumbo, na mwanafunzi anayetafsiri kiishio "-itis" neno kwa neno kwamba ana uvimbe wa tumbo. Uvimbe! Mtaani kwetu uvimbe ni kitu cha kufanyiwa upasuaji. Yule mgonjwa anatoka hapo anajiona anakufa, na ndugu wanaanza kuchangishana nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Kuna hatari nyingine ambayo ni yetu wenyewe, watumishi kwa watumishi. Zamu ya usiku inakabidhi zamu ya asubuhi, wote wamechoka, jenereta linanguruma nje. "Kitanda cha saba ana haipoglaisemia." Anayepokea anasikia haipaglaisemia. Sukari iliyoshuka imegeuka sukari iliyopanda, na mkononi ana insulini. Niliposhuhudia hili, kilichomwokoa mgonjwa ni namba ya kipimo cha sukari, 2.1, ya chini mno, iliyoandikwa pembeni ya chati, ambayo muuguzi mkongwe aliitupia jicho akashtuka. Tangu hapo nawalazimisha wanafunzi wangu kusema kwa Kiswahili wakati wa kukabidhiana: sukari imeshuka, imesoma ngapi, kapewa nini. Wanaona aibu, wanadhani ni ushamba. Naendelea kuwalazimisha.

Vifupisho ndio msiba mwenyewe. "OD" kwa tuliofuata Waingereza ni mara moja kwa siku. Kliniki ya macho ni jicho la kulia. Herufi "U" ya yuniti za insulini ikiandikwa vibaya baada ya 4, inasomeka 40. Marekani, chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali, Joint Commission, kilitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku mwaka 2004, na "U" hiyo imo. Sisi tunaendelea kuwasifia wanafunzi wanaoandika vifupisho vingi kwa sababu vinaonekana vya kidaktari.

Najua kuna atakayesema kwamba nimeleta tena mjadala wa lugha ya kufundishia. Sijauleta. Mjadala huo una wenyewe na umeshachosha. Istilahi za kimataifa zibaki: boksi la dawa linakuja nazo, rufaa inakwenda nazo, na muuguzi wetu akienda kufanya kazi nje atazihitaji. Ila tuseme ukweli tunaoujua sote: mlango wa darasa ukifungwa, mkufunzi anafundisha kwa Kiswahili, maana akifundisha kwa Kiingereza kitupu anabaki peke yake. Mkaguzi akija tunabadilisha. Kinachokosekana ni utaratibu, kwa hiyo kila mkufunzi anatafsiri anavyojua, na vyuo viwili vya mkoa mmoja vinatoa wahitimu wanaouita ugonjwa mmoja kwa majina mawili.

Na mtu asiseme kazi hii ni ya karne nzima. Wanaanatomia wa Ulaya walikuwa na vurugu mbaya kuliko yetu, kila shule na majina yake, mpaka walipokubaliana orodha moja ya Kilatini mjini Basel mwaka 1895. Walikaa, wakabishana, wakachapa. Hapa nyumbani mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mawakili nao wana Kilatini chao wanachokipenda. BAKITA ipo kwa sheria tangu 1967. Kamusi ya tiba ya Kiingereza na Kiswahili iliyochapwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo. Nendeni mkaulize ni maktaba ngapi za vyuo vya afya zinayo.

Ninachoomba, basi.

NACTVET na Wizara, mtaala utakapopitiwa tena, wekeni moduli ya istilahi katika semista ya kwanza ya mwaka wa kwanza, itangulie anatomia hata kwa wiki tatu. Msiichomeke ndani ya stadi za mawasiliano; pale itamezwa na uandishi wa barua za kuomba kazi. Ifundishwe na mtu wa tiba, kwa mizizi na viambishi, na kila neno lipite njia mbili: kutoka kitabuni hadi kwa mgonjwa, na kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye faili.

Mtihani ndio utakaoamua kama moduli hiyo ni ya kweli, kwa sababu wanafunzi, kama sisi wakati wetu, wanasoma kinachotahiniwa. Kwenye OSCE, mtihani wa vitendo ambao mtahiniwa anapita kituo hadi kituo, pawekwe kituo kimoja ambacho mtahini anakaa kama mgonjwa, anaeleza shida yake kama inavyoelezwa mtaani, na mtahiniwa anaandika kwa istilahi sahihi. Kisha anamgeukia na kumweleza ugonjwa na namna ya kumeza dawa kwa Kiswahili ambacho mzee wa kijijini atakielewa. Akitumia neno la Kiingereza ambalo mgonjwa hakulitaja, anapoteza alama. Dakika kumi zinatosha. Hakihitaji mashine wala dawa, kinahitaji kiti.

BAKITA na Wizara, kaeni pamoja mtupe orodha moja. Isiwe kamusi nene ya kuwekwa kabatini. Iwe kijitabu cha kuingia mfuko wa koti, na faili lake la bure la simu. Ianze na magonjwa na dalili zinazojaza kitabu cha 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje, kila siku, siyo majina ya maradhi ambayo tabibu wa zahanati hatayaona hadi anastaafu. Na msikae Dodoma na Dar es Salaam peke yenu mkiunda maneno. Waiteni wauguzi wa RCH, kliniki ya mama na mtoto, waliozeeka kazini. Hao wanajua mama wa Kisukuma anasemaje akihisi uchungu umeanza, na mama wa Kimakonde anasemaje. Waiteni na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliowaongezea nguvu kwa programu ya 2024, maana wao ndio wanaoanza kusikia ugonjwa kwa jina lake la nyumbani.

Mganga Mkuu wa Serikali, ombi langu kwako ni dogo kuliko yote na linaweza kutekelezwa kwa waraka mmoja: orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa, ibandikwe kila wodi na kila dirisha la dawa. Yuniti ziandikwe kwa neno zima. Mara moja kwa siku iandikwe hivyo. Na waganga wafawidhi waanze wao, kwa sababu mwanafunzi anaiga mwandiko wa mkubwa wake hata akiwa amefundishwa vingine.

Kuhusu wakufunzi, nasi tunahitaji mafunzo, japo ya siku chache wakati wa likizo. Wengi wetu tulimeza kama tunavyowamezesha. Fedha nadhani si nyingi. Nipo tayari kutoa mazoezi na maswali niliyoyatengeneza kwa wanafunzi wangu, na ninawajua wenzangu katika vyuo vingine ambao wana ya kwao kwenye madaftari. Toeni tangazo tu la mahali pa kuyapeleka.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi, chuo cha afya, Kanda ya Mashariki

Nakala: Wakuu wa vyuo vya afya vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi. Tafadhali ibandikwe ubao wa matangazo, upande wa wakufunzi.